NAFASI YAO NI KATIKA SAFU, SI MLANGONI

USIKU wa kuamkia Idd el Fitri iliyopita, katika kituo kimojawapo cha kukusanyia Zakatul-fitri hapa Mang'ula, alifika ndugu yetu mmoja fundi viatu akiwa juu ya baiskeli yake ya miguu mitatu, ile inayoendeshwa kwa mikono. Mapajani alikuwa amepakata mfuko wa mchele. Kijana wetu aliyeshika daftari alimpokea kwa bashasha, akamtolea salamu, akamwuliza jina lake na idadi ya watu wa nyumbani kwake, akaandika. Kisha akaingia ndani, akatoka na mfuko mwingine wa mchele pamoja na sukari, akamwekea kwenye baiskeli, akamwombea dua, akamwita anayefuata.

Ndugu yule alikuwa amekuja kutoa. Mchele aliopakata ulikuwa ni Zakatul-fitri yake, ya mkewe na ya watoto wao watatu. Alijaribu kueleza, lakini takbira katika kipaza sauti zilikuwa zimepamba moto, foleni nyuma yake ilikuwa ndefu, na kijana wetu hakuwa na chembe ya shaka kuhusu kinachomleta mtu wa baiskeli ya miguu mitatu penye mchele usiku wa Idd. Basi akageuza baiskeli, akarudi alikotoka na mifuko miwili. Fungu lake akalitoa mwenyewe usiku ule ule kwa mjane aliye jirani yake, na mchele wetu akaupeleka huko huko. Asubuhi hakuonekana katika uwanja wa Idd.

Habari hii tumeipata kutoka kinywani mwake wiki kadhaa baada ya sikukuu. Kituo kile kilikuwa chini ya usimamizi wetu sisi wenyewe, kwa hiyo hatuna wa kumnyooshea kidole. Tunaiandika kwa sababu Ramadhani nyingine itafika, insha Allah, na maandalizi yake huanza na watu walewale, madaftari yaleyale na mazoea yaleyale.

Ni jambo linalojulikana kwamba Zakatul-fitri ni wajibu kwa kila Mwislamu, mkubwa kwa mdogo, mwanamume kwa mwanamke, aliye na ziada ya chakula chake na cha wale anaowalea kwa usiku na mchana wa Idd. Wanachuoni walipotaja masharti yake hawakutaja miguu. Mtu anayeshona viatu kuanzia asubuhi mpaka jioni, akalisha familia na kusomesha watoto, amekwisha kuvuka daraja la kupokea na kuingia katika daraja la kutoa. Sisi tukamrudisha. Tulimnyima ibada huku tukidhani tunafanya ibada.

Ndugu Waislamu, kosa hili halikuanzia katika daftari la kijana mmoja. Ramadhani moja kabla ya hiyo tuliandaa futari maalumu kwa ajili ya ndugu zetu wenye ulemavu, na tulijivunia sana shughuli ile. Palikuwa na uji wa mchele wenye pilipili manga, mihogo ya nazi, magimbi, ndizi na samaki wa mtoni. Wageni wetu tuliwatandikia mikeka yao peke yao chini ya mwembe, nje ya msikiti, kwa hoja kwamba ngazi zingewasumbua. Hotuba zilichukua muda mrefu, na viziwi waliokuwapo walibaki kututazama midomo. Picha zilipigwa nyingi. Ilipoadhiniwa Magharibi tulifungua pamoja kwa tende, kisha sisi wenyeji tukapanda ngazi kwenda kuswali, tukawaacha pale pale mwembeni na sahani zao.

Tulipotoka tulikuta wamekwisha kuswali jamaa yao wenyewe. Aliyewaswalisha ni ndugu yetu asiyeona, na baadaye tulikuja kutambua kwamba juzuu alizohifadhi ni nyingi kuliko za imamu wetu wa tarawehe. Ndugu huyo anaishi katika kata hii hii miaka yote. Hatukuwahi kumjua kwa sababu kila alipofika kwetu tulimpa kitu, na mtu aliyepewa kitu huaga akaenda zake.

Hapa ndipo inapotulazimu kurejea kwa Mtume wetu (s.a.w.) na kuona yeye alifanya nini.

Kila aliyesoma madrasa anakijua kisa cha Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), Sahaba asiyeona, aliyemjia Mtume (s.a.w.) kutaka kufundishwa wakati Mtume ameshughulika na wakubwa wa Makureshi, na jinsi Allah (s.w.) alivyoteremsha aya za mwanzo za Sura Abasa (80:1-10) kumrekebisha Mtume Wake kwa ajili ya mtu yule mmoja. Kisa hiki huhadithiwa sana katika mihadhara yetu. Lakini tuangalie kwa makini: Ibn Ummi Maktum hakuja kuomba chakula wala nguo. Alikuja kutafuta elimu. Lililomstahilisha kusikilizwa si umaskini wake, bali ni haja yake ya kujitakasa na kukumbuka, haja ile ile aliyonayo kila mmoja wetu.

Na yaliyofuata hayahadithiwi sana. Mtu huyo huyo alipofika Madina alifanywa mwadhini pamoja na Bilal (r.a.). Katika mwezi wa Ramadhani, Bilal alikuwa akiadhini usiku bado ungalipo, na Mtume (s.a.w.) akawaelekeza watu waendelee kula na kunywa mpaka waisikie adhana ya Ibn Ummi Maktum. Yeye alikuwa haadhini mpaka aambiwe kwamba alfajiri imeingia. Maana yake ni kwamba mji mzima wa Madina, mwenye macho na asiye nayo, ulikuwa ukiacha kula daku kwa sauti ya mtu asiyeona. Aliyetazama upeo wa macho alikuwa mwingine, akamwambia. Aliyepaza sauti alikuwa yeye. Wenzake hawakusema, kama ambavyo tungesema sisi, kwamba kazi hii haimfai kwa kuwa haioni alfajiri. Walimpa macho yao, naye akawapa sauti yake. Tena zaidi ya mara moja Mtume (s.a.w.) aliposafiri alimwacha Madina kuwa naibu wake na kuwaswalisha watu.

Lipo swali alilouliza yeye na Sahaba mwingine, na majibu waliyopewa huonekana kupingana. Imepokewa kwamba Ibn Ummi Maktum aliomba ruhusa ya kuswali nyumbani kwa kuwa hana wa kumwongoza njiani. Mtume (s.a.w.) akamwuliza kama anaisikia adhana, akakiri kwamba anaisikia, basi akaelekezwa kuiitikia. Upande wa pili yuko Itban bin Malik (r.a.), aliyekuwa akiwaswalisha watu wa kabila lake, macho yake yakadhoofika. Huyu alimweleza Mtume (s.a.w.) kwamba mvua ikinyesha bonde lililo baina yake na watu wake hufurika maji, akashindwa kuvuka kwenda msikitini, akamwomba Mtume aje aswali nyumbani kwake ili mahali hapo apafanye pa kuswalia. Mtume (s.a.w.) akaja asubuhi jua likiwa limepanda, pamoja na Abubakari (r.a.), akauliza ni pembe gani ya nyumba anayoipenda, akaswali hapo rakaa mbili, nao wakajipanga nyuma yake. Chakula kikapikwa, na wanaume wa mtaa ule wakakusanyika mle ndani.

Baadhi yetu hukishika kisa cha Itban na kusema: mnaona, wenye udhuru wanaswali majumbani, hakuna haja ya kujisumbua na ngazi. Wanaosema hivyo wamesoma nusu. Itban hakuachwa nyumbani. Jamaa ilimfuata nyumbani, Mtume mwenyewe akiwa mbele yake. Kwa hiyo katika majibu yale mawili tunapata njia mbili: ama mtu afikishwe kwenye jamaa, ama jamaa imfikie mtu. Njia ya tatu, ya mtu kubaki peke yake huku mtaa mzima ukiswali na kusherehekea, hatuioni popote.

Msomaji wa Mang'ula hahitaji kufafanuliwa bonde linalofurika ni kitu gani. Sisi tunakaa chini ya milima ya Udzungwa, vijito vinateremka kutoka msituni vikipita katikati ya vitongoji vyetu, na Mto Kilombero uko mbele yetu. Ramadhani za mwaka 2023, 2024 na 2025 zote zimetukuta katika msimu wa mvua. Mwaka 2024, Ramadhani ilipokuwa ikimalizika mwezi wa Aprili, sehemu nyingi za Bonde la Kilombero zilikuwa chini ya maji. Kwa sababu hiyo hiyo ya maji wazee wetu waliojenga misikiti waliinua misingi, na walifanya sawa. Lakini msingi ulioinuliwa huleta ngazi, ngazi tatu, nne, pengine sita. Mbele ya ngazi kuna mtaro, na juu ya mtaro kuna ubao mmoja. Mwenye miguu miwili huuruka bila kuufikiria. Mwenye magongo akiutazama usiku wa tarawehe, tope likiwa linateleza na umeme umekatika, hugeuka akarudi nyumbani, nasi tukisikia kwamba haji msikitini tunasema ana udhuru. Udhuru ule ni wetu, si wake.

Tumekwisha kusikia hoja ya usafi. Katika msikiti mmoja wa bonde hili, ambao hatuutaji, ndugu mwenye kiti cha magurudumu aliambiwa kwamba magurudumu yataingiza uchafu juu ya mazulia mapya. Kuchunga tohara ya msikiti ni jambo jema na hakuna anayelipinga. Dawa yake ni ndoo ya maji na kitambaa: magurudumu hufutwa kama nyayo zinavyooshwa. Isitoshe, ni katika hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) alitufu Al-Kaaba akiwa juu ya ngamia, na kwamba mkewe Ummu Salama (r.a.) alipoumwa alimruhusu kutufu nyuma ya watu akiwa amepanda mnyama. Hapo ni Masjid al-Haram, na ngamia ni mnyama ambaye haambiwi asubiri atoke nje kwanza. Aliyekubali ngamia ndani ya msikiti mtukufu kuliko yote asingekikataa kiti cha magurudumu kwa ajili ya zulia.

Watu hufikiri kwamba habari hii ni ya ngazi tu. Kuna ndugu zetu wanaopanda ngazi bila taabu, na bado wako nje.

Chukua mfano wa kiziwi. Usiku wa kutazama mwezi sisi wengine hukaa na redio, au husikia tangazo katika kipaza sauti cha msikiti saa mbili au saa tatu za usiku. Kiziwi anayeishi peke yake au pamoja na watu wasiofunga atajuaje? Tumezungumza na mmoja wao aliyewahi kuamka, akala daku, akafunga mpaka saa nne asubuhi ya siku ya Idd, siku ambayo kufunga ni haramu, mpaka alipoona watoto barabarani wamevaa nguo mpya. Simu yake ya mkononi ilikuwa mfukoni usiku kucha. Ujumbe mmoja mfupi ungetosha, na hakuna aliyefikiria kuutuma kwa kuwa namba yake hakuna aliyekuwa nayo. Na katika khutba ya Idd, ambapo imamu hueleza mambo ya mwaka mzima, kiziwi hukaa akiangalia migongo ya watu. Lugha ya Alama ya Tanzania ipo, wakalimani wapo, na Chama cha Viziwi Tanzania kinaweza kuulizwa. Makka na Madina khutba zinatafsiriwa kwa lugha ya alama. Mkalimani asimame karibu na mimbari mahali penye mwanga, na wanaomhitaji wapangwe mbele wakiwa wanamwona.

Wapo pia wenye kifafa, na bonde letu linawajua. Kule Mahenge, ng'ambo ya Mto Kilombero, madaktari wameushughulikia ugonjwa huu tangu miaka ya 1960, na wataalamu wamekuwa wakieleza uhusiano wake na usubi, maradhi yanayoletwa na wale nzi wadogo weusi wa kando ya mito iendayo kasi. Mgonjwa wa kifafa katika Ramadhani hubanwa pande mbili. Akifunga bila ushauri huruka dawa, na kuruka dawa pamoja na kukatisha usingizi kwa ajili ya daku ni mambo mawili yanayoweza kumwangusha. Asipofunga hunong'onwa. Aliyekatazwa kufunga na daktari ana ruhusa ya Mola wake na fidia yake imewekwa (2:184), na hakuna haki ya mtu kumkodolea macho. Anayeweza kufunga ni vyema aende kliniki kabla ya mwezi kuandama, saa za dawa zikapangwe upya kati ya futari na daku. Na akianguka katika safu asikimbiwe kana kwamba ana pepo la kuambukiza. Alazwe ubavu, asitiwe kitu chochote mdomoni, mmoja akae naye, wengine waendelee na swala.

Hapa tunataka kusimama kwa kirefu kidogo, kwa sababu wanaoumia zaidi hawaonekani kabisa. Ni akina mama wa watoto wenye ulemavu. Mama mwenye mtoto mwenye mtindio wa ubongo, mwenye miaka tisa ambaye bado anabebwa mgongoni, haji tarawehe. Akija, mtoto atapiga kelele katikati ya Fatiha, na ziko sauti zitakazosema baada ya salamu kwamba watoto wa namna hii wabaki nyumbani. Ameisikia sauti hiyo mara moja, imemtosha miaka minne. Siku ya Idd huwapeleka watoto wake wengine mpaka njiani, akarudi. Wako waliofikia hatua ya kuwaficha watoto hao, na majirani hufahamu siku ya mazishi tu kwamba kulikuwa na mtoto mwingine ndani.

Sasa tulinganishe na Sunna. Ummu Atiyya (r.a.) amesimulia kwamba waliamrishwa kuwatoa wanawake wote siku za Idd mbili, hata wasichana waliokuwa wakitawishwa ndani, hata waliomo katika hedhi ambao hawaswali siku hiyo, washuhudie kheri na dua ya Waislamu. Akaulizwa Mtume (s.a.w.) kuhusu asiye na shungi la kujifunika, akaelekeza kwamba mwenzake amwazime lake. Hebu lifikiriwe jambo hili. Mwanamke mwenye hedhi hana swala siku ile, na bado anaitwa, kwa sababu Idd ni zaidi ya rakaa mbili. Na aliyekwama kwa kukosa nguo hakuambiwa kwamba ana udhuru, bali mwenzake ndiye aliyepewa kazi ya kuuondoa udhuru ule. Mtoto wa miaka tisa anayebebwa mgongoni anahitaji mgongo wa pili. Dada mmoja akimpokea mama yule mtoto wake nusu saa tu, mama ataswali Idd yake. Na imamu akifanya swala kuwa nyepesi, kama Muadh (r.a.) alivyofunzwa baada ya kuirefusha mno kwa watu wake, atakuwa amewafikiria wadhaifu, wagonjwa na wenye shida walio nyuma yake.

Kuhusu uwanja wenyewe wa Idd, maneno yetu ni machache. Swala hutangazwa saa moja na nusu, hungojwa waliochelewa, ikaanza saa tatu jua likiwa kali. Ndugu zetu wenye ualbino ngozi zao haziwezi kuhimili jua la namna hiyo, na saratani ya ngozi imewaua wengi wao katika nchi hii. Tuswali kwa saa iliyotangazwa. Turubai moja lifungwe kwa ajili yao na kwa wazee, na turubai jingine liende upande wa akina mama ambao kila mwaka hukaa juani bila mtu kuliona hilo. Na turubai liunganishwe na safu za wote, lisiwe kisiwa. Tumekwisha kujifunza adabu ya mwembe.

Wapo watakaosema: haya ni mengi mno kwa watu wachache, katika msikiti wetu wenye ulemavu ni wawili tu. Sensa ya mwaka 2022 imeonyesha kwamba miongoni mwa Watanzania wenye umri wa miaka saba na kuendelea, asilimia 11.2 wana aina fulani ya ulemavu. Kati ya kila watu mia, ni kumi na mmoja. Msikiti unaojaza watu mia mbili na una wenye ulemavu wawili, ajiulize kila mmoja wetu wengine wako wapi. Na wakati tunajiuliza, tukumbuke kwamba Serikali yetu iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga sheria yake mwaka 2010. Ni aibu kwa umma ulioteremshiwa Sura Abasa kusubiri kukumbushwa na bunge. Khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala tangu mwaka 705 mpaka 715, anatajwa na wanahistoria kwamba aliweka mtumishi kwa kila asiyeweza kutembea na kiongozi wa njia kwa kila asiyeona, kwa gharama za hazina ya dola. Sisi hatuombi hazina.

Tumempeleka fundi mwashi kuangalia msikiti mmojawapo, naye ametufundisha jambo. Mteremko mzuri wa kiti cha magurudumu, alisema, kwa kila inchi moja ya kimo unahitaji inchi kumi na mbili za urefu. Msingi wa futi mbili unadai mteremko wa futi ishirini na nne, unaoweza kukunjwa kufuata ukuta. Mteremko mfupi ulio mkali, kama ule ambao vijana wetu walikuwa wameanza kuumwaga kwa nia njema, ni mtego: mtu hupanda kwa kusukumwa na hushuka kwa kuanguka. Mawe na mchanga wa mtoni tunao. Kinachonunuliwa ni saruji na nondo kidogo, na gharama yake inakaribiana na ile tuliyoitumia kwa futari ya mwembeni, picha na bango vikiwemo. Mlango wa choo kimoja upanuliwe ufikie sentimita tisini, bomba la udhu lishushwe na kuwekewa benchi. Kisha kabla ya saruji kukauka, aitwe mtu mwenye baiskeli ya miguu mitatu ajaribu, kwa kuwa fundi, kamati na mhariri wote wana miguu.

Kamati ya Ramadhani ya mwaka huu imeongezwa wajumbe watatu. Mmoja ni ndugu yetu yule asiyeona, naye amekubali kuswalisha tarawehe katika kumi la mwanzo. Wa pili ni mama wa mtoto mwenye ulemavu, ambaye katika kikao cha kwanza aliuliza kwa nini kikao kinafanyika saa ya kumlisha mtoto; kikao kikahamishwa. Wa tatu tulitaka awe yule fundi viatu. Tulikwenda nyumbani kwake, tukamwomba radhi kwa yaliyotokea usiku wa kuamkia Idd, na tukamwomba asimamie mizani na daftari la kupokea Zakatul-fitri. Alitukaribisha chai, akatusikiliza mpaka mwisho, akasema radhi ameshatoa zamani. Kuhusu mizani na daftari alisema atatupa jibu, lakini kwanza twende tukatazame ule ubao wa mtaroni mbele ya kituo, kwa sababu usiku ule gurudumu lake la nyuma lilizama pale, na aliyemvuta kutoka alikuwa mpita njia asiye Mwislamu. Kidaraja cha zege kimeanza kujengwa Jumamosi iliyopita. Jibu lake bado tunalisubiri.